Okot p'Bitek na Shahada Aliyonyimwa

Kiswahili kimeipa shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu jina la baharini: uzamivu. Mzamiaji hushuka palipo na kiza, pumzi ameizuia, kisha huibuka na alichokiona. Kwa mwanafunzi wa anthropolojia, ile elimu ya binadamu na mila zake, bahari yenyewe ni maisha ya watu. Lakini itakuwaje pale mzamiaji anapokuwa mzaliwa wa bahari hiyohiyo, na wenye kuipima lulu yake wakawa wageni waliokwisha kuamua lulu ifanane na nini? Mtihani huu ulimfika Okot p'Bitek, malenga wa Uganda.

Okot alizaliwa Gulu, katika nchi ya Waacholi, mwaka 1931. Mama yake alikuwa mwimbaji mashuhuri, na nyimbo ndizo zilizokuwa chuo chake cha kwanza. Katika miaka ya 1950 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya kandanda, iliyocheza miguu mitupu, naye akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na mwaka 1960 akaingia Oxford kusomea anthropolojia.

Ameeleza mwenyewe yaliyompata katika mhadhara wa kwanza kabisa. Mwalimu aliwataja Waafrika na mataifa mengine yasiyo ya Magharibi kwa majina ya washenzi na watu wa kale wasiostaarabika. Okot alipinga, asisikilizwe. Tangu hapo akatambua kwamba elimu aliyoifuata ilizaliwa pamoja na ukoloni na kunyonya ziwa moja nao. Hata hivyo hakuiacha. Mwaka 1963 alikamilisha utafiti wake juu ya fasihi simulizi ya Waacholi na Walango, akapata shahada iliyo chini ya uzamivu, akarejea nyumbani.

Mwaka 1966 ikatoka Song of Lawino, utenzi ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kwa tafsiri ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino. Wengi wameusoma kama malalamiko ya mke aliyedharauliwa. Mimi nausoma pia kama anthropolojia iliyopinduliwa. Lawino anaitazama saa ya ukutani, jiko la kizungu, dansi ya kukumbatiana na majina ya ubatizo, kwa jicho lilelile ambalo mtafiti wa Ulaya aliitazamia ngoma ya Kiacholi. Safari hii mtazamwa ndiye anayetazama, na anayecheka ni yeye.

Ndipo tufikie tasnifu yake ya uzamivu, iliyohusu dini ya Waluo wa Kati. Hoja yake ilikuwa kwamba Waacholi walikuwa na jogi, nguvu na mizimu ya namna nyingi, na kwamba yule Mungu Mkuu, Muumba wa vyote, aliyeandikwa vitabuni, aliletwa na waliouliza wala hakutoka kwa walioulizwa. Mfano aliousimulia yafaa kila mfasiri aukariri. Mwaka 1911 mapadri wa Kitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi: ni nani aliyewaumba? Lugha yao haikuwa na neno la kuumba peke yake, kwa hiyo swali likageuka kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walistaajabu, kwani mtu huzaliwa na mamaye, hafinyangwi. Hatimaye mzee mmoja akakumbuka kwamba mwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo hupindika, akawa kana kwamba amefinyangwa upya, na pepo mwenye kuleta kibyongo hicho huitwa Rubanga. Akajibu: Rubanga. Basi jina la pepo wa kibyongo likaandikwa kuwa jina la Mwenyezi Mungu.

Sisi wa pwani tunapita hapo bila kujikwaa, maana umbo na kiumbe kwetu vimetoka katika shina moja. Wepesi huo ni bahati ya lugha yetu, wala si kanuni ya lugha zote. Kosa halikuanza katika jibu la mzee. Lilianza katika swali.

Mwaka 1970 Oxford haikumpa shahada. Mwaka uleule alitoa kitabu kilichowashambulia wanazuoni wa Magharibi kuhusu dini za Kiafrika, na hakuwasaza Waafrika wenzake, akina Mbiti na Kenyatta, aliowaona wakiivika miungu ya wazee wao kanzu za Kiyunani. Mwaka 1971 ile tasnifu ikachapishwa Nairobi kuwa kitabu. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1982 akarudi Makerere kuwa profesa wa utunzi, asipate hata kumaliza mwaka: alifariki Julai.

Leo Waacholi Wakristo humwomba Mungu kwa jina la Rubanga, na hakuna anayewaza kibyongo. Neno limekuwa lao, na Okot hakuweza kulirudisha lilikotoka. Alichoweza ni kuonyesha njia liliyopita. Kazi hiyo ni uzamivu, hata ikikosa muhuri, na kila atakayekwenda chuoni kusomea mila za watu, ziwe za kwao au za wengine, atalikuta swali lile la wazee wa Acholi likimngoja.