Runinga ya Taifa na Lugha ya Tatu: Mfano wa Kitui na Makueni

Historia ya runinga nchini Kenya aghalabu huandikwa kwa kufuata taasisi. Serikali ya kikoloni iliunda Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1961. Matangazo ya picha yakaanza mwaka 1962. Shirika likataifishwa mwaka 1964 na kuitwa Sauti ya Kenya, kabla ya kurejeshewa jina lake la awali mwaka 1989. Masimulizi haya ni sahihi, lakini yanachukulia kwamba dhana ya "taifa" ilipokewa kwa namna moja kila mahali. Mfano wa Kitui na Makueni (eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi 1992) unaonyesha vinginevyo.

Kwanza kuna suala la masafa. Mtambo wa awali uliwekwa katika nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yake yalifika takriban kilomita 24 pekee. Mji wa Kitui uko zaidi ya kilomita 150 kutoka Nairobi. Kituo cha Mombasa kilifunguliwa mwaka 1970, ilhali Kibwezi na Mtito Andei ziko mbali na miji yote miwili. Katika vijiji visivyo na umeme, redio ya betri ndiyo iliyoendelea kuwa sauti ya taifa.

Suala la pili, ambalo ni zito zaidi kwa mhakiki, ni lugha. Redio ya Sauti ya Kenya ilikuwa na matangazo ya Kikamba. Runinga ilijengwa juu ya Kiingereza na Kiswahili. Kwa Mkamba, basi, kutoka redioni kwenda runingani kulikuwa pia kuiacha lugha ya kwanza mlangoni.

Hata hivyo, lugha za kwanza zilirudi kwa njia ya lafudhi. Katika michezo kama Vioja Mahakamani na Vitimbi, wahusika walizungumza Kiswahili chenye matamshi ya Kijaluo, Kiluhya au Kikalenjin. Benson Wanjau, aliyeigiza Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi hapa ni kinyago cha kisanaa: huvaliwa na mwigizaji, nayo hutambuliwa na hadhira inayojua kwamba ni kinyago.

Ni kawaida kuisifu michezo hii kwa kuunganisha taifa. Sifa hiyo ina msingi, kwani Kiswahili ndicho kilichowezesha watazamaji wa lugha mbalimbali kucheka pamoja. Lakini muundo wa mahakama unadokeza jambo jingine: hakimu husema Kiswahili sanifu, na mshtakiwa husema chenye lafudhi. Mamlaka na usanifu huketi upande mmoja. Mtazamaji wa Kitui, ambaye Kikamba chake hakina sauti ya /r/, alicheka matamshi ya mwenzake akijua kwamba yake pia yangeweza kuchekwa.

Kuchipuka kwa redio za Kikamba kama Musyi FM baada ya soko la utangazaji kufunguliwa kunathibitisha kwamba haja hiyo haikuwa imekidhiwa. Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili ya runingani utakuwa nusu iwapo utahesabu lugha mbili zilizosikika na kuisahau ya tatu, iliyosikika kwa kuchekwa.