Afasia na kukata kauli

Mtu akipigwa kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakagoma kutoka, jamaa humpigia simu shangazi aliyeko Mafinga: "Baba amekata kauli." Shangazi haulizi zaidi. Anafunga mlango, anajitwisha khanga zake na kupanda basi la Mbeya, akijua anakwenda msibani. Kwa Kiswahili cha kawaida, aliyekata kauli yuko ukingoni, kilichobaki ni roho. Akifika wodini anamkuta kaka yake ameketi kitandani, anamtazama, anamtambua, na machozi yanamtoka. Ana neno la kumwambia dada yake, ila neno haliji. Kaka huyu hafi. Ana afasia.

Afasia ni hitilafu ya lugha inayoletwa na jeraha la ubongo, hasa upande wa kushoto, ambako kwa watu walio wengi ndiko lugha inakofanyiwa kazi. Upande huohuo ndio unaoendesha mkono wa kulia, ndiyo maana mara nyingi viwili hivyo hulegea pamoja. Kisababishi kikuu ni kiharusi, ingawa pigo la kichwa au uvimbe nao huweza kuileta. Takriban theluthi moja ya wanaopata kiharusi huanza nayo. Utafiti uliofanyika wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya kama 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 kule Hai, na kama 316 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Theluthi ya hao ni watu wengi mno kukaa na ugonjwa ambao nyumbani kwao hauna jina.

Hata Wafaransa walisumbuana juu ya jina. Mwaka 1861 daktari Paul Broca alieleza habari za mgonjwa mmoja wa Paris aliyejibu kila swali kwa silabi moja, "tan", lakini akikasirika tusi lilitoka bila kukwama. Broca aliuita ugonjwa huo aphémie. Mwaka 1864 Armand Trousseau alilipinga neno hilo, kwa kuwa wajuzi wa Kigiriki walimwambia linaelekea kwenye maana ya sifa mbaya, akaweka aphasie. Sisi tumelichukua hilo la pili, tukalitamka kwa vokali zetu: afasia. Ni neno zuri la kuandika kwenye faili, na sioni sababu ya kuhangaika kulitafutia mbadala huko. Kazi iko kitandani kwa mgonjwa, pale mtaalamu anapotakiwa kuieleza familia kwa sentensi moja.

Wapo wanaosema ububu. Bubu hasemi, lakini lugha anayo, na wengi huitumia kwa ishara. Mwenye afasia, ukimpa kalamu, kosa lililo mdomoni mara nyingi linamfuata hadi kwenye karatasi. Ukimpa simu aandike ujumbe, ni yaleyale. Wapo wanaosema kupoteza usemi. Hili linakaribia, ila linawaacha nje wale aliowaeleza Carl Wernicke mwaka 1874: watu ambao usemi unawabubujika, lafudhi ni ileile, mapigo ya sentensi yako sawa, na bado maneno hayashikani wala wao wenyewe hawaelewi vizuri wanachoambiwa. Hao ndio walio hatarini zaidi kwetu, maana hawaonekani wagonjwa wa kiharusi. Mkono unaweza kuwa mzima kabisa. Jirani anasema karukwa na akili, mwingine anasema karogwa.

Na lugha je? Ukimwambia mtu wa Tukuyu kwamba baba yake amepotewa na lugha, atakuuliza ipi. Kinyakyusa cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni Mwanjelwa, au Kiingereza cha ofisini? Kwa kuuliza hivyo atakuwa amegusa mjadala wa zaidi ya karne. Théodule Ribot alishikilia kwamba kilichojifunzwa kwanza ndicho kinachodumu. Albert Pitres, mwaka 1895, akasema kinachorudi kwanza ni kile mgonjwa alichokuwa akikitumia zaidi kabla ya kuugua. Wagonjwa wamewapa haki wote wawili, na wengine wamewaaibisha wote.

Mimi ningechagua kupotewa na maneno. Kitenzi kiko kama kinavyopaswa kuwa: aliyepoteza ng'ombe amefanya uzembe, aliyepotewa na ng'ombe anasaidiwa kumtafuta. Maneno ya mgonjwa hayajafutika; njia ya kuyafikia ndiyo iliyoharibika, na leo huweza kushindwa neno ambalo jana alilipata. Kasoro ya jina hili ni kwamba halitaji kuelewa. Mtaalamu itambidi aongeze, "na ya kwetu pia huenda hayamfikii sawasawa."

Mtaalamu huyo tunamwita wa tiba ya usemi. Wako wachache; hata Makerere walianza kutoa shahada ya fani hiyo mwaka 2008 tu. Akiajiriwa kwenye utafiti wa chuo kikuu, sehemu kubwa ya siku yake huenda kwenye kusikiliza rekodi na kuandika kila kigugumizi kama kilivyo. Lakini kabla ya hapo kuna picha. Jaribio mashuhuri la Boston lina picha 60 za kutaja, mojawapo nyumba ya barafu ya kaskazini ya mbali, nyingine mnyama biva wa mito ya Marekani. Mzee wa Kilolo atanyamaza mbele ya picha hizo hata kama hajawahi kuumwa kichwa. Mwekee kikapu cha milulu, mpini wa jembe au chombo cha ulanzi, ndipo kimya chake kitakuwa na maana.

Masikio nayo yanahitaji kufundishwa. Kinyakyusa na Kihehe havina r ya asili, kwa hiyo "halusi" kwa "harusi" si dalili ya chochote. "Gari yangu" ni Kiswahili cha kila siku; "kikombe langu" huenda ni jambo la kuandikwa. Na viambishi vyetu ni mtego. Mwingereza mwenye afasia mara nyingi hudondosha miisho ya vitenzi, kwa kuwa kinachobaki bado ni neno. Kwa Kiebrania, ambako mzizi mtupu hautamkiki, watafiti waliona wagonjwa wakiweka umbo lisilofaa mahali pa lile linalofaa. Kiswahili kitaangukia wapi, hapo ndipo mtafiti wa Mbeya au Iringa ana kazi ya kwake. Lise Menn na Loraine Obler walipotoa mwaka 1990 mkusanyo mkubwa wa masimulizi ya wagonjwa katika lugha 14, hakuna hata moja iliyokuwa ya Kibantu.

Jambo linalogombanisha familia kuliko yote ni salamu. Nesi anapita, "Shikamoo mzee." "Marahaba." Haraka, safi. Mgeni kutoka Iringa anaingia na "kamwene", anajibiwa papo hapo. Mzee anahesabu moja hadi kumi na kusali Baba Yetu hadi amina. Kisha anaonyeshwa kikombe, anakodoa macho, anasema "sahani", anatikisa kichwa kwa hasira kwa sababu anajua siyo. Mkwe anasema anajifanya. Hajifanyi. Maneno ya mazoea, salamu na sala na matusi, hayahitaji kutungwa upya. Hutoka kwa mkupuo, kama lilivyotoka tusi la yule mgonjwa wa Broca. Mtaalamu mwenye busara huanzia hapohapo: anaimba na mzee mstari wa wimbo wa kanisani anaoujua, anakatiza kabla ya neno la mwisho, na kumngoja alimalizie.