Pale Msuli Unaposhika Kano

Somo hili nililianzia uwanjani Ruangwa, nikiwa chini nimeshika mguu. Nilikuwa naukimbilia mpira, mara nikasikia "pwa!" nyuma ya mguu. Wenzangu wakasema mshipa umekatika. Mshipa gani? Kwetu kila kitu mshipa: wa damu mshipa, wa fahamu mshipa, hata ngiri mshipa! Tabibu akanisahihisha: umechanika pale msuli wa shavu la mguu unapoungana na kano ya kisigino.

Nikaenda kuuguza mguu Nachingwea kwa babu, nikiwa na vitabu.

Kumbe msuli na kano vinatoka mbali. Mtoto akiwa tumboni, chembe za msuli wa mguu husafiri kutoka kando ya uti wa mgongo. Za kano zinazaliwa mguuni humo humo. Zikikutana, katikati hujengwa utando mwembamba sana, utando wa msingi, wenye protini kama laminini, nidojeni na kolajeni ya aina ya nne. Msuli unaushika kwa protini nyingine, integrini, na ncha yake inajikunja kama vidole ili mzigo usielemee sehemu moja. Laminini yenyewe ilielezwa mwaka 1979 na Rupert Timpl na wenzake, walioitoa kwenye uvimbe wa panya. Mwaka 1994 watafiti wa Ufaransa wakaonyesha kwamba watoto fulani waliozaliwa na misuli legevu walikosa laminini ya aina moja. Msuli upo, ila hauna pa kujishikiza.

Hapo nikaikumbuka Nachingwea yenyewe. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza walizunguka Afrika Mashariki wiki tisa tu, wakarudi na mpango wa karanga. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Nguvu ilikuwepo bwana, matrekta mengine yaliundwa kutokana na vifaru vya vita! Lakini bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa 1954, wakati mradi ulikwisha kuachwa Januari 1951, na pauni milioni 36 zimepotea. Reli ikabaki inajikongoja mpaka 1962, ikafungwa. Kwa maoni yangu ulikuwa msuli usiokutana na kano: ardhi, mvua na wakulima wa huku hawakuulizwa vya kutosha.

Nilimsimulia babu jioni, yeye akimenya karanga za shambani kwake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mjukuu wangu, huo utando anautengeneza nani, msuli au kano?"

"Pande zote mbili, babu. Laminini inatoka zaidi kwa msuli, nidojeni inatoka kwa chembe za jirani."

"Ehee," akasema, akanisogezea ungo. "Menya na wewe basi, mguu ndio unaouma, si mikono."