Nokia: jina moja, vitu vingi

Makala haya mafupi yanachunguza jina moja la kibiashara, ili kuonyesha jinsi jina linavyoweza kudumu hali kitu linachokitaja kinabadilika.

Mwaka 1865 mhandisi Fredrik Idestam alianzisha kiwanda cha malighafi ya karatasi mjini Tampere, katika Ufini iliyokuwa bado chini ya dola ya Urusi. Kiwanda chake cha pili kilijengwa karibu na mji wa Nokia, na mwaka 1871 kampuni ikapewa jina la mahali hapo. Mwaka 1967 iliungana na kampuni mbili, moja ya mpira na nyingine ya nyaya. Hivyo jina lilelile likataja karatasi, viatu vya mvua na nyaya. Kufikia mwaka 1998 Nokia ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza duniani katika kuuza simu za mkononi.

Kwa watu wa kipato kidogo, jina hilo lilipata maana yake hasa mwaka 2003, ilipotoka simu ya 1100. Haikuwa na kamera, lakini ilikuwa na tochi, na vibonye vyake vilikingwa dhidi ya vumbi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Tangu hapo, kusema Nokia kulikuwa kusema uimara.

Hata hivyo, zilipoenea simu janja, kampuni ilizidiwa. Mwaka 2014 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa idara yake ya simu. Nokia yenyewe ikabaki na mitambo ya mawasiliano. Mwaka 2016 iliundwa Ufini kampuni nyingine, HMD Global, iliyopewa leseni ya kulitumia jina hilo. Mwaka 2018 ikatoa Nokia 1, simu janja ya bei nafuu yenye hifadhi ya gigabaiti 8 na programu ya Android iliyopunguzwa uzito.

Je, Nokia 1 ni mrithi wa 1100? Kwa mtengenezaji, sivyo. Kwa mnunuzi aliyeliamini jina, ndivyo. Hapo ndipo penye hoja yetu: uimara uliojengwa na mmoja uliuzwa na mwingine. Mwaka 2024 HMD ilianza kuuza simu kwa jina lake yenyewe. Basi mwenye fedha chache na aulize kwanza ni nani atakayewajibika simu ikiharibika, ndipo asome jina lililoandikwa juu yake.