Kiswahili Jukwaani: Maonyesho na Historia Mjini Lubumbashi

Tangu Chuo Kikuu kilipofungua milango yake huko Élisabethville mwaka wa 1956, lugha ya masomo imekuwa hasa Kifaransa. Mji wenyewe, ulioanza kujengwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba, ulikusanya watu wa makabila mengi, nao wakapatana katika Kiswahili: migodini, sokoni, kanisani, uani. Kwa hiyo yafaa kuuliza ni nani aliyeanza kuisimulia historia ya mji huu mbele ya watu wake, na kwa lugha gani.

Jibu la kwanza halitoki chuoni. Mwaka wa 1965 André Yav alitoa, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, kitabu kidogo cha Kiswahili juu ya mji wa Élisabethville. Wapishi na maboi walikuwa wameingia katika nyumba za Wazungu na kuyaona ambayo mabwana hawakuyaandika. Kitabu hicho kilingoja miaka 25 ndipo Johannes Fabian akakichapisha Amsterdam, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Mwaka wa 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, na Kitivo cha Fasihi kikahamishiwa Lubumbashi. Ndivyo mji wa migodi ulivyopata ghafula wanahistoria na wanaisimu wengi. Kati ya miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huu, alimchorea Fabian, aliyekuwa akifundisha hapa, historia nzima ya Zaire katika picha zipatazo 100, akizieleza moja moja katika mazungumzo. Alijiita mwanahistoria. Dai hilo si dogo katika mji wenye idara ya historia, na linastahili kupokewa kwa uzito: picha zake zina mpangilio, zina hoja, na hazikwepi mauaji.

Lakini tukio linalofunza kuliko yote ni la mwaka wa 1986. Kikundi cha mchezo wa kuigiza cha Mufwankolo, kilichojulikana sana kwa njia ya redio na televisheni, kiliichukua methali iliyokuwa ikitajwa kwa Kifaransa, isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima. Waigizaji hawakuandika mchezo. Walikaa, wakabishana juu ya maana, wakagawana sehemu, wakajaribu, wakarekebisha. Hapo lugha yenyewe ikawa kazi. Mahali ambapo Kifaransa kina neno moja, Kiswahili kinamtaka msemaji achague: uwezo, ukubwa, utawala, nguvu, mamlaka. Kila neno lina mtu wake na adhabu yake. Nao walikuwa chini ya chama kimoja, ambapo kuuliza ni nani anayekula mamlaka, na kama anaweza kugawa, hakukuwa mchezo. Walilihamishia swali hilo kijijini, kwa sultani na watu wake, na igizo likapigwa picha huko Kawama kwa ajili ya televisheni. Fabian alinasa mazungumzo ya matayarisho, akayachapisha Marekani mwaka wa 1990 kwa Kiswahili na Kiingereza. Matayarisho hayo yana thamani kuliko igizo lenyewe, maana ndani yake watu wanasikika wakifikiri.

Mwaka huo huo wa 1990, usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei, wanafunzi walishambuliwa katika kampasi. Idadi ya waliouawa imebishaniwa tangu hapo. Kisha, katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi wao walizaliwa papa hapa, walifukuzwa kwa maelfu mengi kutoka jimboni. Baada ya hayo, kusema "historia yetu" kulimtaka mtu aeleze kwanza "sisi" ni akina nani.

Ndiyo maana mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka wa 2000 na Donatien Dibwe dia Mwembu, Bogumil Jewsiewicki na wenzao, haukuwa maonyesho ya makumbusho tu. Wakaaji waliombwa walete vitu vyao na masimulizi yake. Kitabu kilichotoka mwaka wa 2001 kilichukua jina la Kiswahili, *Ukumbusho*, ingawa kurasa zake ni za Kifaransa. Hata hivyo safari hii chuo kilikwenda mjini kusikiliza, na kikundi cha Mufwankolo kikapewa jukwaa.

Mwaka wa 2008 wasanii wa kizazi kingine, akiwemo mpiga picha Sammy Baloji, walianzisha mikutano ya sanaa iliyokuwa mwanzo wa maonyesho makubwa yanayorudiwa Lubumbashi. Waliipa jina la Picha, na hawakuona haja ya kulitafsiri.