Unataka kusomea China hadi uzamili? Anza na bondo la sangara

Mwanza. Ndani ya tumbo la sangara kuna mfuko wa hewa unaomsaidia samaki kuelea. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanauita bondo. Mgeni akiuona anaweza kudhani ni uchafu wa kutupa, kumbe kilo ya mabondo makavu bei yake inaizidi mbali kilo ya minofu, na safari ya mzigo huo huishia zaidi Hong Kong na China Bara.

Kwa nini mtu wa Guangzhou atoe hela yote hiyo kwa mfuko wa hewa wa samaki wa Ukerewe? Hilo ni swali la jamii. Kwa nini mzigo upitie Hong Kong? Hilo ni la siasa. Na kilichoandikwa kwenye karatasi za mzigo ni nini? Hapo tumefika kwenye lugha.

Shahada za uzamili kuhusu China zinafundisha mambo hayo matatu kwa pamoja. Tatizo ni kwamba matangazo ya ufadhili wa China yakianza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, wengi hukimbilia uhandisi, udaktari na TEHAMA. Wanaojaza fomu ili waisome China yenyewe ni wachache.

Kama wewe ni mmoja wao, au unafikiria kuwa mmoja wao, haya hapa ni mambo ya kujua mapema. Kuna uamuzi mmoja hasa ambao ukikosea, miaka miwili inaweza kwenda na ukarudi na cheti kisichokusaidia kusoma hata bango la dukani.

Unasoma nini hasa?

Tuanze na siasa. China ina serikali na ina Chama cha Kikomunisti, na anayeanza kusoma hufundishwa mapema kutochanganya ngazi zake. Katika jimbo, katibu wa chama yuko juu ya gavana. Chama hicho kina wanachama zaidi ya milioni 100. Mipango ya miaka mitano inayopitishwa Beijing ndiyo inayoonyesha hela za mashirika ya umma zitaelekea wapi, hadi nje ya nchi.

Hii inagusa ziwa moja kwa moja. Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Lilijengwa kwa fedha za Serikali ya Tanzania na wakandarasi wawili: CCECC na China Railway 15th Bureau Group. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, walipewa CCECC na CRCC. Ukisoma majina hayo unaona kampuni tatu. Aliyesomea siasa za China anaona familia moja, kwa sababu CCECC na 15th Bureau zote ziko chini ya CRCC, na CRCC inamilikiwa na serikali kuu ya China.

Kuna zaidi. CCECC ilianzishwa mwaka 1979 kutoka idara ya misaada ya nje ya Wizara ya Reli ya China, ile ile iliyosimamia ujenzi wa TAZARA. Kwa hiyo aliyejenga daraja la Busisi ni mjukuu wa aliyejenga reli ya Uhuru. Sio siri, ila ni aina ya jambo usiloliona mpaka uwe umefundishwa pa kutazama.

Hong Kong nayo ni somo la siasa. Ilirudi China mwaka 1997 chini ya utaratibu wa nchi moja, mifumo miwili, na mpaka leo ina forodha yake, tofauti na ya Bara. Mzigo wa mabondo unaoingia Hong Kong na ule unaoingia Guangzhou unakutana na sheria mbili tofauti. Tangu Januari 1, 2022, forodha ya China Bara inataka wazalishaji wa chakula wa nje wawe wamesajiliwa kwake. Na tangu Desemba 1, 2024, China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi zenye maendeleo duni zenye uhusiano nayo wa kibalozi, Tanzania ikiwemo. Kufutiwa ushuru hakukuondolei usajili. Hapo ndipo wengi hujichanganya.

Upande wa jamii utasoma mfumo wa hukou, yaani usajili wa kaya ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 1958, unaoamua hadi leo mtoto wa mhamiaji mjini atasoma shule gani. Utasoma sera ya mtoto mmoja na matokeo yake. Utasoma chakula, zawadi na heshima, na hapo ndipo bondo linarudi: supu yake huwekwa kwenye meza za harusi, hupewa mama aliyejifungua, na bondo kubwa ni zawadi ya kumpa mtu unayemheshimu.

Neno moja, vitu viwili

Bondo kavu kwa Kichina huitwa huājiāo. Ile pilipili maarufu ya Sichuan inayotia ganzi mdomoni nayo huitwa huājiāo. Matamshi ni yale yale na toni ni zile zile. Kinachotofautisha ni herufi ya pili tu. Mtu aliyejifunza kuongea bila kusoma anaweza kusaini oda ya viungo akidhani ni ya samaki. Natania kidogo, lakini umeelewa.

Toni zenyewe ndizo zinazotisha watu: mā ni mama, mǎ ni farasi. Kiswahili hakina toni, kwa hiyo mtoto wa Dar aliyekulia kwenye Kiswahili pekee anaanzia sifuri. Ila Kisukuma kina toni, Kikerewe kina toni, na Kihaya pia. Zinafanya kazi tofauti na za Kichina, lakini sikio lako limeshazoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana. Kama nyumbani mnaongea Kisukuma, una mtaji ambao hujawahi kuuandika kwenye CV.

Kichina au Kiingereza? Hapa ndipo pa kuamua

Shahada hizi ziko za aina mbili. Za kwanza zinafundishwa kwa Kiingereza. Yenching Academy ya Chuo Kikuu cha Peking inatoa uzamili wa Masomo ya China wenye michepuo sita, kuanzia siasa na uhusiano wa kimataifa hadi falsafa na dini. Schwarzman Scholars ya Chuo Kikuu cha Tsinghua ni ya mwaka mmoja, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 28. Zote mbili hulipia mpaka nauli ya ndege, na ushindani wake ni mkali sana. Chuo Kikuu cha Renmin nacho kina Silk Road School, kwenye kampasi yake ya Suzhou, inayofundisha masomo ya China ya sasa. Kwa maofisa wa serikali kuna taasisi ya ushirikiano wa Kusini-Kusini ya Chuo Kikuu cha Peking, iliyofunguliwa mwaka 2016.

Aina ya pili inafundishwa kwa Kichina, pamoja na wanafunzi Wachina, kwa vitabu vyao. Vyuo vingi huhitaji cheti cha mtihani wa HSK, mara nyingi ngazi ya tano. Kwa mfumo uliozoeleka wa ngazi sita, hiyo ni kama maneno 2,500. Mfumo mpya wa ngazi tisa ulitangazwa mwaka 2021, kwa hiyo angalia tangazo la chuo linataka upi. Ukidahiliwa bila HSK, ufadhili wa serikali unaweza kukulipia mwaka mmoja au miwili wa lugha kwanza.

Maoni yangu ni haya. Kozi ya Kiingereza ni nyepesi kuingia, na kama ndoto yako ni diplomasia au uandishi, jina la chuo litakufungulia milango. Lakini Kichina cha kozi hizo ni kipindi cha pembeni, na ukimaliza bado utahitaji mtu akutafsirie mkataba. Kwa mtu anayerudi Mwanza kufanya kazi na wakandarasi, wanunuzi wa samaki au halmashauri, njia ndefu ya Kichina inalipa zaidi. Kama lazima uchukue ya Kiingereza, basi fika China ukiwa tayari na HSK 3 au 4 mkononi.

Wenzetu walishalifanya hesabu hili zamani. Redio Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili Septemba 1961, na vyuo vya Beijing vimekuwa vikifundisha Kiswahili tangu miaka hiyo ya 1960. Wakati TAZARA inajengwa, wao walikuwa na wakalimani wa Kiswahili. Sisi wa Kichina tulikuwa na wangapi?

Kujifunzia hapa nchini

Taasisi za Confucius zipo Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zote tangu 2013. Kwa mtu wa Mwanza, Dodoma ni karibu kilomita 700 na Dar zaidi ya 1,100. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pia kina Kituo cha Masomo ya China, mahali pazuri pa kumtafuta msimamizi hata kama utasoma nje. Kwa wadogo zako, Kichina sasa ni miongoni mwa lugha za hiari kwenye mtaala wa shule.

Hela na masharti

Ufadhili mkuu ni ule wa Serikali ya China. Unalipia ada, malazi, bima ya afya na posho: yuan 3,000 kwa mwezi kwa uzamili, 3,500 kwa uzamivu. Yuan 3,000 kwa viwango vya miaka ya karibuni ni kama Sh milioni moja. Usivuke miaka 35 kwa uzamili au 40 kwa uzamivu. Tiketi ya ndege mara nyingi ni juu yako, kwa hiyo anza kuweka akiba.

Wanaotaka kufundisha Kichina wana ufadhili mwingine wa walimu wa lugha hiyo, na uzamili wake huhitaji HSK 5 kwa alama 210 na mtihani wa kuzungumza wa ngazi ya kati kwa alama 60.

Maombi hufanyika mtandaoni, bila wakala. Ukiona mtu mtaani anadai laki kadhaa ili "akupe nafasi" ya ufadhili wa serikali, kimbia.

Mambo ambayo tangazo halisemi

WhatsApp, Google na Instagram havifunguki China bila VPN. Maisha yote, hadi kulipia mboga, yako kwenye WeChat na Alipay.

La uzito zaidi ni mada. Tiananmen 1989, Xinjiang, Tibet na Taiwan hazijadiliwi kwa uhuru kwenye vyuo vya China, na msimamizi hatakubali tasnifu inayoingia huko. Ukitaka kuandika kuhusu ukosoaji wa chama, chuo kama SOAS cha London kitakufaa zaidi, na ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza kwa mwenye uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Ukitaka kuandika kuhusu mashirika ya umma ya China, biashara ya samaki au uhamiaji wa vijijini, huwezi kupata mahali pazuri kama China yenyewe.

Ratiba ya aliyeko Mwanza

Dirisha la maombi kwa kawaida huwa kati ya Januari na Aprili, masomo yakianza Septemba. Oktoba omba barua za mapendekezo kwa wahadhiri wako wawili, maana wengine huchukua miezi. Novemba shughulikia cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya jinai na andika andiko la utafiti. Fomu ya afya usiiwahi sana, majibu yake hudumu miezi sita tu. Ukidahiliwa utahitaji viza ya X1, na hapo kuna safari ya Dar.

Ukirudi na cheti chako, kipeleke TCU kikatambuliwe kabla hujaanza kuomba kazi. Omba pia transkripti mbili halisi zenye muhuri kabla hujaondoka chuoni, kwa sababu kuifuatilia moja ukiwa Nyegezi na ofisi ikiwa Suzhou, ikijibu kwa Kichina, ni mtihani wa HSK wa peke yake.