Mkaja, Mbeleko na Mgongo wa Mzazi

Katika ndoa za Waswahili wa pwani, mahari haikuwa haki pekee iliyodaiwa kwa bwana harusi. Mama wa binti naye alikuwa na zake, zikiwemo mkaja na ubeleko: ya kwanza kwa ajili ya nguo aliyojifunga tumboni na kiunoni baada ya kuzaa, ya pili kwa ajili ya mbeleko, ile aliyombebea mtoto mgongoni. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inazitaja zote mbili kuwa zawadi za harusi. Naona humo ushahidi mzito. Jamii hiyo ilikiri hadharani kwamba uzazi una gharama mwilini, tena ilijua gharama hiyo inakaa wapi.

Elimu ya mwili inakubaliana nayo kwa sehemu kubwa. Mimba ikikua, uzito husogea mbele, na mama hulazimika kubinua kiuno ili asianguke. Mwaka 2007 Katherine Whitcome, Liza Shapiro na Daniel Lieberman walionyesha katika jarida la Nature kwamba mbinuko huo kwa mwanamke umegawanywa kwenye pingili tatu za kiuno, kwa mwanamume mbili tu. Maana yake mgongo wa mwanamke umeumbwa kuhimili mimba, na si kweli kwamba kuzaa kwenyewe humharibu msichana uti wa mgongo. Wengi huumwa kiuno wakiwa wajawazito, na wengi wao hupata nafuu katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Lakini katika kipindi hicho misuli ya tumbo imetanuka na kano za nyonga bado zimelegea. Ndoo kubwa ya maji inayobebwa wiki ya pili haiukuti mgongo uleule ulioibeba mwaka mmoja kabla.

Hapo ndipo arobaini, yaani siku 40 za mapumziko baada ya kujifungua, ilipokuwa na kazi. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa mkaja, akalishwa vizuri. Hakuchota maji, hakutwanga, hakwenda shamba. Wapo wanaosema hayo yote yalikuwa masharti ya dini kuhusu nifasi, yaani damu ya baada ya kuzaa. Hoja hiyo haitoshi. Waislamu wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafii, ambayo kwayo nifasi yaweza kufika siku 60, na mwanamke ambaye damu yake imekatika mapema huoga na kusali bila kungoja siku ya 40. Sheria ilimruhusu kurudi kwenye ibada, ila desturi haikumruhusu kurudi kinuni. Kwa hiyo mapumziko yalikuwa na sababu yake mwenyewe, na muda wake unakaribiana na wiki 6 ambazo mji wa mimba huhitaji kurejea hali yake.

Wengine watauliza kama mkaja wenyewe ulisaidia. Kufunga kiuno na nyonga huweza kupunguza maumivu na kumpa mama ujasiri wa kusimama, lakini hakurudishi misuli mahali pake, na kukibana mno husukuma uzito chini, kwenye viungo vya uzazi. Sifa ninayoitoa ni ya mapumziko zaidi kuliko nguo. Na mapumziko yana historia chungu, kwa sababu mzazi asipochota maji, kuna mwingine anayechota. Katika nyumba za matajiri wa Unguja mwingine huyo alikuwa mjakazi, naye alizaa pia. Utumwa ulifutwa kisheria huko mwaka 1897, na masuria wakangoja hadi 1909. Ni vigumu kuamini kwamba arobaini ya mwanamke aliyemilikiwa ililindwa kama ya bibi yake. Anayeisifu desturi hii bila kuwahesabu wanawake hao anasifu nusu yake.

Kwa wasio na watumwa, kazi ilibebwa na mama, shangazi na majirani, na ndiyo sura inayofaa kurithiwa. Leo sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na ile ya Kenya ya 2007 miezi mitatu. Mama lishe na mkulima hawamo humo. Likizo yao ni ile wanayopewa na ndugu, na mjini ndugu wako mbali. Mkunga anayemruhusu mama kurudi nyumbani na kumwambia asibebe mizigo hana budi kuuliza pia ni nani atakayeibeba, maana bila jibu la swali hilo ushauri wake hautekelezeki.